Msitu wa Ukoo na Maji ya Jirani: Safari Yetu ya Dodoma na Kondoa



Nchi ya Ugogo na Urangi, iliyo katikati ya Tanzania, si nchi ya mito mikubwa wala ya maziwa. Ni uwanda wa juu, ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu. Huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba na aghalabu hukoma Aprili, na jumla yake mjini Dodoma ni kadiri ya milimita 550 au 600 kwa mwaka mzima. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Mito hubaki mchanga mtupu, majani hukauka, na upepo huinua vumbi. Kwa hiyo akaaye huko, akinywa maji mwezi wa Oktoba, hunywa mvua iliyokwisha kunyesha zamani, ambayo ardhi imemwekea akiba.

Katika makala haya twataka kusimulia tuliyoyaona katika njia ya kutoka Dodoma mpaka Kondoa, na kueleza jambo moja ambalo kila nyumba ya Kiislamu yenye shamba yafaa ilifikiri. Jambo lenyewe ni hili: akiba hiyo ya maji hulindwa, kwa sehemu yake, na vichaka na misitu midogo iliyo katika mashamba ya watu, mali ya jamaa na koo, na misitu hiyo haipotei kwa shoka la mwizi peke yake, bali mara nyingi hupotea siku ya kugawana urithi.

MAJI YA MJI WA DODOMA

Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu 2016 wizara za Serikali zilihamia huko kwa wingi. Sensa ya 2012 ilihesabu mjini Dodoma watu 410,956. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Katika muda wa miaka 10 mji umekaribia kuwa miji miwili, na kila mtu miongoni mwa hao ataka maji ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia na ya kutawadha.

Maji hayo kwa sehemu kubwa hayatoki mtoni. Hutoka chini ya ardhi, katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Msafiri apitaye barabara ya Kondoa huliona bonde hilo limelala kimya, lina miiba na mashamba ya zabibu, wala hapana dalili ya kumjulisha kwamba chini ya nyayo zake ndiko uliko uhai wa makao makuu. Mbele ya bonde husimama vilima vya Chenene. Mvua inyeshayo vilimani huteremka kwa vijito vya msimu, vijito hivyo huzama katika mchanga, na baadhi ya maji yake hushuka polepole mpaka yakafika katika hazina iliyo chini.

Wataalamu wamepima kina cha maji ya visima vya Makutupora tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 walitoa matokeo ya kumbukumbu za miaka 55. Waliyoyaona yanafaa kutafakariwa. Hazina ile haijazwi kila mwaka. Miaka mingi mvua hunyesha, ardhi ya juu ikalowa, mazao yakaota, lakini chini hakifiki kitu cha maana. Na maji huendelea kupungua kwa kuvutwa. Kisha huja mwaka wa mvua isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na katika msimu huo mmoja maji ya chini hupanda kwa ghafula. Basi mvua kubwa ni kama mgeni tajiri ajaye mara moja baada ya miaka kadhaa. Akikuta mlango umefungwa, hupita zake na mali yake.

MLANGO WA MAJI

Mlango huo ni nini? Ni udongo wenyewe. Udongo ulio wazi, uliokanyagwa na mifugo na kupigwa na jua, ukipigwa na matone makubwa ya mvua hujifunga juu kama sakafu. Maji hayapati pa kuingia, hukimbia juu juu, huchukua udongo, huchimba makorongo, hujaza mabwawa tope, na kabla ya jua kuchwa yamekwisha kupita. Jioni ni mafuriko, na baada ya miezi mitatu ni kiu.

Lakini penye miti na majani hali ni nyingine. Matawi hupokea matone na kuyapunguza nguvu. Majani makavu yaliyoanguka hufunika ardhi na kuyachelewesha maji yasikimbie. Mizizi na wadudu wa ardhini hufungua vitundu vingi, na maji hupita humo kwenda chini. Na kadiri yanavyopita taratibu katika majani na udongo, huacha njiani tope na samadi na uchafu mwingi. Ndiyo sababu chemchemi iliyo chini ya kilima chenye miti hutoa maji meupe hata mvua inaponyesha, ilhali kijito cha kilima kilicho uchi huja chekundu kama damu.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Mti nao hunywa maji. Katika nchi kavu si kweli kwamba miti ikizidi kusongamana ndipo maji yatakapozidi. Utafiti uliofanywa Burkina Faso na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maji yafikayo chini huwa mengi zaidi pale penye miti ya wastani, iliyoachana kidogo, kuliko palipo uchi kabisa au palipofungwa kabisa. Basi wale wapandao mikaratusi ukingoni mwa chemchemi kwa kutaka nguzo za haraka wasidhani wanahifadhi maji. Miti ya asili ya mahali, iliyozoea kiangazi cha mahali, ndiyo ifaayo.

KONDOA NA AMRI YA 1979

Tukaendelea na safari kwa barabara ya lami iendayo Babati, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018. Tulipita Mayamaya, tukapita Chemba, na vilima vya Irangi vikaanza kuonekana. Kondoa ni mji wa zamani wa Waislamu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Irangi na kununua chakula cha wapagazi, na dini ikaja pamoja na wasafiri. Mji una chemchemi kubwa, na maji yake huonekana na kila mtu mjini mle.

Lakini vilima vya Kondoa vina habari ya huzuni. Kwa muda mrefu misitu yake ilifyekwa kwa mashamba na kwa kuni. Wakati wa Waingereza vichaka vikakatwa kwa ajili ya kupigana na ndorobo. Mifugo ikaongezeka, na udongo mwekundu ukaanza kuteremka. Makorongo yalichimbika hata nyumba ikaweza kuzama humo. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO. Yalichimbwa makinga maji na kupandwa miti, lakini uharibifu ulizidi kazi. Ndipo mwaka 1979 ilipotolewa amri kubwa: mifugo yote itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Walitolewa ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, karibu 90,000.

Matokeo yalionekana. Majani yalirudi, miti ya miombo ikachipua yenyewe kutoka katika mashina ya kale, na vilima vilivyokuwa vyekundu vikawa kijani. Lakini jamaa nyingi zilipoteza maziwa na samadi na mali yao kwa siku chache, na wengine walilazimika kuhama na mifugo yao. Baadaye waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya zizi. Msaada wa wageni ulipokwisha katika miaka ya 1990, amri nayo ilipungua nguvu, na katika sehemu nyingine mifugo ikarudi. Hapa pana fundisho. Msitu ulindwao kwa amri peke yake huishi kadiri amri inavyoishi. Msitu ulindwao na mwenyewe kwa hiari huweza kuishi zaidi yake, akipatikana wa kumrithi katika nia.

WALIOHIFADHI WENYEWE

Mfano wa hiari hiyo uko kaskazini-magharibi ya Dodoma, kwa ndugu zetu Wasukuma wa Shinyanga. Wao tangu zamani wana desturi iitwayo ngitili: jamaa hutenga sehemu ya ardhi yake, huifunga mvua ianzapo, haichungwi wala haikatwi, na huifungua kwa kipimo kiangazi kinapokuwa kikali. Desturi hiyo ilikaribia kufa watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mwaka 1986, ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi. Mradi haukuleta msitu mpya. Uliwarudishia watu desturi yao. Ilipofika mwanzoni mwa karne hii, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na nyingi ni mali ya jamaa mojamoja. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Na katika Dodoma yenyewe, tangu 2018, wakulima wengi wamefundishwa kazi ya kisiki hai. Hawapandi mche. Hutafuta kisiki kilichokatwa ambacho mizizi yake ingali hai, huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa yaliyobaki, huweka alama, na kulinda. Mti wenye mizizi ya miaka mingi hukua upesi kuliko mche wa kununua, wala hauhitaji kumwagiliwa.

Wala tusidhani hii ni habari ya wanyonge tu. Mji wa New York, wenye watu zaidi ya milioni 8, hunywa maji ambayo kwa sehemu kubwa hayapiti katika mtambo wa kuchuja. Mwaka 1997 mji ulipatana na wenyeji wa milima ya Catskill, yatokako maji yake, na ukakubali kuwasaidia wakulima na wenye misitu waitunze ardhi, kwa kuwa kufanya hivyo kulikuwa rahisi kuliko kujenga mtambo wa mabilioni ya dola. Na sehemu kubwa ya misitu ile ni mali ya watu binafsi.

SWALI LA MZEE

Katika vilima vya Kondoa tulikaribishwa na mzee mmoja, ambaye juu ya nyumba yake pana msitu wa eka 8 hivi, na chini ya msitu pana chemchemi ndogo. Kaya nyingi za jirani huteka hapo. Tulipousifu msitu wake, alitikisa kichwa akasema:

“Maalim, baba yangu hakuukata, nami sikuukata. Lakini wanangu wako mjini, na mfanyabiashara wa mkaa amekwisha niuliza bei mara tatu. Nikifa mimi watagawana nini? Kivuli?”

Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tuchukue mfano wa mtu aliyekufa akaacha eka 8 za msitu, mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu, wala hana deni, wala wasia, wala wazazi walio hai. Sheria ya mirathi imempa mke thumni, nayo ni eka 1. Zinazobaki 7 hugawanywa kwa watoto, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke: kila mwana eka 2, kila binti eka 1. Hisabu imetimia na haki imefuatwa. Lakini ardhi sasa ni vipande sita. Mmoja ana mgonjwa, auza miti yake kwa mkaa. Wa pili aona jirani yake amekata, naye akata. Wa tatu alima mahindi mpaka ukingoni mwa chemchemi. Baada ya misimu michache msitu hakuna, na chemchemi ni tope. Kila mmoja alitumia haki yake, na wasiokuwa na fungu hata moja, yaani majirani, ndio waliopoteza maji.

Tahadhari: asije mtu akasema kwamba dawa yake ni kuwanyima mabinti, kama ifanywavyo na baadhi ya watu kwa jina la mila. Hiyo ni dhulma, na dhulma haihifadhi msitu. Fungu alilowekewa binti na Mwenyezi Mungu halina hatia katika jambo hili. Linalotakiwa ni kuigawa haki bila kulikata pande lenyewe la msitu. Twaona njia tatu.

Ya kwanza ni wakfu. Mwenye mali, angali hai na mwenye afya, aweza kuutoa msitu wake wakfu, yaani asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe, na manufaa yake, kama kuni kavu, asali, dawa na maji, yaende kwa wale aliowataja: wazao wake wote pasipo kuwabagua wanawake, na majirani wanaoteka. Asingoje maradhi ya mauti, kwa maana wakati huo hukumu yake huwa ya wasia na haizidi theluthi. Wala asifanye wakfu kwa hila ya kuwadhulumu warithi. Twakumbuka habari ya Sayyidna Uthman (r.a.) aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina akakiacha kwa watu wote. Mwenye kukilinda kilima kijazacho kisima amefuata njia hiyo hiyo.

Ya pili ni ushirika wa warithi. Kila mmoja ajulikane fungu lake kwa hisabu na liandikwe, lakini ardhi isikatwe mipaka. Wapatane mbele ya mashahidi kwamba msitu hautafyekwa, na pato la asali au la majani ligawanywe kwa mafungu yale yale. Anayetaka kutoka, auze fungu lake kwa ndugu zake kwanza.

Ya tatu ni kuifungamanisha nia hiyo na sheria ya nchi. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu ana haki ya kuikalia na kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huruhusu hakimiliki ya kimila kutolewa hata kwa jamaa kwa pamoja. Sheria ya Misitu ya 2002 huitambua misitu ya watu binafsi na ya vijiji. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Basi wakfu au mapatano yaandikwe, sheikh mjuzi aulizwe, na halmashauri ya kijiji ipewe nakala. Neno la mdomo husahauliwa msiba wa pili utokeapo.

Wala jambo la mita 60 lisionekane geni. Mafakihi wetu tangu zamani waliandika juu ya harimu ya kisima na ya chemchemi, yaani eneo la kando ambalo hapana ruhusa kulivamia. Na Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, iwe hima, malisho yaliyohifadhiwa kwa manufaa ya Waislamu. Katika mafundisho yake maji na malisho vimehesabiwa miongoni mwa vitu ambavyo watu wana ushirika navyo.

KAZI YA KILA NYUMBA

Wenye msitu juu ya maji, na tuwanasihi hivi. Msichungie mifugo penye chemchemi; wekeni birika la kunyweshea chini yake, mbali kidogo. Fyekeni njia ya kuzuia moto kabla ya Juni. Chomeni mkaa usiwe pato la msitu huo kamwe. Tundikeni mizinga ya mbao, kwa maana mzinga wa magome huua mti wake. Choo na zizi viwe chini ya chanzo cha maji, wala visiwe juu yake. Na hata maji yakiwa meupe kama kioo, yachemsheni kabla ya kuwanywesha watoto, kwani msitu huzuia tope na uchafu mwingi, lakini hauzuii kila kijidudu.

Nanyi vijana mlioko Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko, ambao baba zenu wangali na vichaka huko nyumbani: msingoje simu ya msiba ndipo mkaulize mipaka. Nendeni mkae na wazee wenu wangali wazima, muulize msitu umeanzia wapi na maji yake yanywewa na nani, na mwandike. Mtu awezaye kujinyima magunia machache ya mkaa ili mjane asiyemjua apate ndoo ya maji safi mwezi wa Oktoba, huyo ametoa sadaka ambayo huendelea naye akiwa kaburini.

Yule mzee wa Kondoa tulimwachia karatasi yenye njia hizo tatu, naye akasema atawaita watoto wake wote, wa kiume na wa kike, baada ya mavuno. Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe umri wa kuyatimiza hayo, na awape wanawe mioyo ya kuyakubali.

Wabillahi tawfiq.